Aliyekamua Rubisi ya Krismasi

Enzi zetu pale Ihembe, Krismasi ilianza kunukia wiki nne kabla haijafika. Ilianza na senene. Mvua za Novemba zikishakolea, tuliamka alfajiri tukakuta nyasi za malisho zimejaa senene wa kijani na wa kahawia, nasi tukatoka na chupa na vikopo, miguu imelowa umande mpaka magotini, tukawakamata mmoja mmoja na kuwanyofoa mabawa papo hapo. Mama aliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, akatia chumvi na kitunguu. Alituambia kwamba kwa mila za kwetu mwanamke hali senene, lakini kila alipotoka jikoni taya zake zilikuwa zinatafuna. Harufu ile ikienea uani tulijua kwamba shule inakaribia kufungwa, kwamba mafundi cherehani wa Omurushaka wameanza kulemewa na vitambaa, na kwamba watu wa kwetu walioko Mwanza, Dar na Kampala wameanza kuulizana nauli.

Watoto wa leo senene wanawajua kwenye vifuko vya nailoni. Mpwa wangu mmoja aliwahi kuniuliza kama wanafugwa.

Mimi ni mtu wa kutembea. Baada ya kidato cha nne nilitoka nyumbani na sijatulia mpaka leo. Nimekuwa utingo wa malori, nimeuza mitumba, nimechoma matofali, nimezunguka vijijini nikiwanunulia wafanyabiashara maharage. Ndiyo maana Desemba ikikaribia, rafiki zangu wa mbali hunipigia simu: "Deo, wewe mtembezi, huko kwenu tuje tule sikukuu mji gani?"

Huwa nawajibu vizuri. Nawaambia kama wanapenda watu, waje Omurushaka, maana siku ile barabara yote hugeuka uwanja, kila duka limetundika karatasi za rangi, na mabasi ya kutoka Bukoba yanamwaga watu wenye mabegi na sauti kubwa. Kama wanapenda muziki wa lugha mbili na nyama za kila aina, waende Murongo, wakale huku wanaitazama Uganda ng'ambo ya mto. Nkwenda nayo ina kwaya, na asubuhi ya sikukuu ngoma husikika mpaka vilimani. Kayanga ni kwa wanaopenda kulala kwenye kitanda kizuri. Haya yote ni kweli, na waliokuja hawakujuta. Kitu nisichowaambia ni kwamba mimi mwenyewe, Omurushaka siku ya Krismasi, sijakanyaga tangu nilipokuwa darasa la nne.

Wakati ule Krismasi ya mtoto ilikuwa na mambo matatu: nguo mpya, wali, na safari ya Omurushaka. Nguo zilishonwa kubwa. Fundi alikupima, kisha mama yako akamwambia, "Ongeza, huyu anakua," basi ukaingia kanisani mikono imepotea ndani ya shati. Viatu vilikuwa sandak za plastiki, na jua likiwaka vilikuchoma unyayo kama umekanyaga jiwe la jikoni. Wali tuliupika mara moja kwa mwaka. Siku nyingine zote tulikula matoke na maharage, na hatukulalamika, lakini siku ile punje moja ya wali ikidondoka mkekani iliokotwa na kuliwa, na aliyeidondosha alitazamwa kama mhalifu.

Wazazi walikuwa na Krismasi yao, nayo ilikaa shimoni.

Nieleze, maana vijana wanadhani pombe huzaliwa ndani ya chupa. Katikati ya Desemba baba alikata mikungu ya ndizi za pombe, siyo zile za kupika, kisha likachimbwa shimo nyuma ya nyumba, likatandikwa majani ya mgomba, likapashwa kwa moshi. Mikungu ilipangwa ndani, ikafunikwa majani na udongo. Baada ya siku tano au sita shimo lilifunguliwa, na harufu yake ilitutoa watoto huko tulikokuwa tukicheza mpira wa majani makavu ya mgomba. Ndizi zilimenywa, zikawekwa ndani ya mtumbwi mkubwa wa mti pamoja na nyasi kavu, akaingia mkamuaji miguu imeoshwa, akaanza kukanyaga. Yale maji matamu yaliyotoka kwanza ndiyo togwa, na sisi watoto tuliyanywa kwa kikombe cha jani. Yaliyobaki yaliongezwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa, yakaachwa yachachuke. Hiyo ndiyo rubisi.

Rubisi ina desturi zake. Ukitaka kumwomba mtu jambo kubwa, humwendei mikono mitupu. Unamwendea na kibuyu. Akikifungua na kunywa, amekubali kukusikiliza na shauri lako limeingia mlangoni. Akikurudishia kibuyu kikiwa na kizibo chake kile kile cha jani la mgomba, huna haja ya kuuliza tena. Desturi ya pili ni ya sifa. Mgeni akionja, akatikisa kichwa na kusema, "Waitu, jamani, hii imekamuliwa na nani?" mwenye nyumba haruhusiwi kunyamaza. Lazima amwite mkamuaji kwa jina, mbele ya watu, na mgeni ampe mrija wake mwenyewe anywe mpaka atosheke. Mwenye nyumba anayejipokelea sifa ile huhesabiwa mwizi, na watu humsema mpaka wajukuu zake. Baba alikuwa mkali kwa desturi hii kuliko wazee wote wa kijiji. Alikuwa akisema, "Sifa ya mtu haikai ndani ya kibuyu cha mwenzake."

Mkamuaji wetu aliitwa Anastazi. Alikuja kwetu akitokea kambi moja ya wakimbizi, upande ule ambao leo ni Kyerwa, miaka ile watu walipovuka kutoka Rwanda wakikimbia vita. Alikuja na mke wake Konsolata na binti yao Epifania, aliyekuwa wa umri wangu. Baba akawapa mahali pa kujenga kibanda mwisho wa kibanja chetu, shamba letu la nyumbani, pale migomba inapokutana na malisho, nao wakawa wanatusaidia palizi na kuchuma kahawa.

Anastazi alikuwa mrefu, mkimya shambani, lakini ukimtia kwenye mtumbwi wa ndizi alibadilika akawa mtu mwingine. Nakumbuka Krismasi yake ya kwanza kwetu, majirani wamekaa pembeni wakimtazama anavyokanyaga.

"Kanyaga kwa nguvu, bwana!" baba alimwambia. "Hizo ni ndizi, siyo mayai."

"Mzee, ukiniharakisha utakunywa maji ya nyasi. Ndizi hubembelezwa kwanza, kipigo baadaye."

Jirani mmoja akadakia, "Na miguu hiyo umeiosha kweli?"

"Nimeosha mmoja," Anastazi alijibu bila kusimama. "Wa pili nimekuachia wewe. Ukinywa, uniambie upi ni mtamu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku ya sikukuu, rubisi ile ilipoonjwa, padre aliyepita kutusalimia aliuliza imekamuliwa na nani, na baba akapaza sauti: "Anastazi! Njoo usifiwe!" Anastazi akaja akijifuta mikono kwenye suruali, akapewa mrija, akanywa huku watu wanapiga makofi. Kuanzia siku ile watoto wa kijiji walipokutana naye njiani walimwamkia shikamoo kama mwenyeji.

Epifania naye alikuwa bingwa wa rede. Alikuwa akiturushia mpira ule wa soksi, na ukikupata mgongoni unasikia mpaka kifuani. Krismasi aliiita Noheli, nasi tukamcheka kwa hilo, naye akatucheka kwa sababu Kiswahili chetu wenyewe kilikuwa nusu Kinyambo. Dada yangu mkubwa, Koku, alimsuka nywele kila Jumamosi.

Kisha ukaja mwaka ule.

Nilikuwa darasa la nne. Mwezi Desemba, redio ya baba ilitoa tangazo kwamba wale waliokimbia vita vya ng'ambo warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Sikulielewa sana. Nilichoelewa ni barabara. Kila siku watu walipita wamebeba magodoro vichwani, masufuria, kuku wamefungwa miguu, watoto wamelala migongoni. Sisi tulikaa kwenye tuta la barabara tukihesabu kuku.

Siku moja kaka yake Konsolata, aliyekuwa kibarua kilima cha pili, alifika kwenye kibanda chao. Nilikuwepo, tukicheza na Epifania kando ya mlango.

"Tunaondoka kesho asubuhi," alimwambia Anastazi. "Watu wa vilima vyote hivi, kwa pamoja. Tukiwa wengi hakuna wa kutugusa njiani. Fungeni mizigo."

Konsolata alikuwa ameshaifunga. Niliiona nyuma ya mlango, vifurushi vitatu na jembe.

Baba akatokea kwenye migomba. Nadhani alikuwa amesikia. Alisalimia, akasimama, akachokonoa ardhi kwa fimbo yake. Kisha akasema, "Anastazi, ndizi ziko shimoni. Shimo linafunguliwa keshokutwa. Zikizidi zinaoza. Nani atakamua?"

Anastazi alitazama vifurushi nyuma ya mlango.

"Kamua kwanza," baba akaendelea. "Mwenyekiti wa kijiji tunasikilizana. Rubisi ikiiva nitampelekea kibuyu, nitasema naye. Mtu aliyekamua rubisi ya Krismasi ya kijiji kizima hawezi kupakiwa kama gunia."

"Na asipokubali, Mzee?" Konsolata aliuliza.

"Mama Epifania, lini umeona mtu akikataa kibuyu cha Krismasi?"

Yule kaka akamgeukia shemeji yake. "Basi baki na ndizi zako, shemeji," akasema, akaondoka bila kuaga vizuri. Asubuhi yake walipita barabarani, kundi refu, na Konsolata alisimama kwenye tuta akiwatazama mpaka wa mwisho alipopinda kona. Mimi nilifurahi. Epifania alikuwa amebaki, na Krismasi ingekuwa kama ya mwaka uliopita.

Anastazi alikamua. Mwaka ule hakutania. Alikanyaga tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, na baba alipomwambia apumzike alisema, "Niache nimalize." Mama alisema hajawahi kuona togwa nzito na safi kama ile.

Tarehe ishirini na nne, mchana, baba alivaa koti lake la kanisani. Mama alijaza kibuyu, akakiziba kwa jani la mgomba na kulifunga kwa ukambaa, akampa. Baba akaenda kwa mwenyekiti. Alirudi alasiri. Nilikuwa naosha sandak zangu mpya ambazo hazikuwa na uchafu wowote. Alimkabidhi mama kibuyu, na mkono wa mama ukashuka kwa uzito. Jani lilikuwa lile lile. Ukambaa ulikuwa ule ule.

"Hakuwepo?" mama aliuliza.

"Alikuwepo."

"Basi?"

"Mama Koku, tazama vyungu vyako."

Muda mfupi baadaye Anastazi alipanda kutoka kibandani. Hakukiona kibuyu, mama alikuwa amekiingiza ndani. Aliamkia, akauliza, "Habari za huko, Mzee?"

Baba alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akalinyoosha mabega. "Nzuri," akasema. "Tule Krismasi."

Nimeyapima maneno yale kwa miaka mingi. Huenda alidhani mwenyekiti atalegea sikukuu ikipita. Huenda hakutaka kumharibia mtu siku. Huenda alikuwa anafikiria wageni wake. Jioni ile nilipita karibu na kibanda nikaona Konsolata anafungua vifurushi, anatoa sufuria, anakoka moto.

Asubuhi ya Krismasi tulikwenda kanisani. Mlango wa kigango ulikuwa umepambwa kwa migomba miwili iliyokatwa mizima na kusimamishwa huku na huku, majani yamepindwa yakakutana juu. Kwaya iliimba, ngoma zikapigwa, akina mama wakapiga vigelegele kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa zizini. Anastazi na watu wake hawakuja. Baba alikuwa amewaambia wakae nyumbani siku ile, wasionekane sana.

Baada ya wali na nyama, sisi watoto tukajipanga kwenda Omurushaka. Epifania alikuja mpaka uani, amevaa gauni la Koku la mwaka uliopita, la njano, lenye kola pana. Alitaka kwenda nasi. Mama yake akamwita kutoka migombani, "Wewe utabaki."

"Basi niletee puto," akaniambia. "Jekundu. Ukileta la kijani nakupasua nalo."

Ni mwendo wa kuchosha miguu ya mtoto, lakini siku ile hatukuusikia. Omurushaka ilikuwa imefurika. Baiskeli zilifungwa tepe za rangi kwenye spoki. Maspika yalikuwa yameanikwa kwenye varanda za maduka, kila moja likipigana na la jirani. Kulikuwa na mandazi, kulikuwa na soda ambazo tuliziomba zisifunguliwe haraka ili tuzishike kwanza. Kwa mpiga picha kulikuwa na foleni, maana alikuwa na pazia lililochorwa ndege, na ukisimama mbele yake ulionekana kama unasafiri. Mimi nilikuwa kwenye foleni ile, puto jekundu mkononi, lori lilipotokea barabara ya kwetu.

Lilikwenda polepole kwa sababu ya watu. Nyuma walisimama watu wengi kidogo, wamebanana. Nikaona kola pana ya njano.

Moyo wangu uliruka. Nilidhani wamealikwa. Gari, siku ya Krismasi! Mimi nilikuwa sijawahi kupanda gari katika maisha yangu, na Epifania, aliyeambiwa abaki, alikuwa juu ya lori anaitazama Omurushaka nzima. "Yule ni wa kwetu!" niliwaambia wenzangu. "Wamepandishwa gari!" Nikatoka kwenye foleni nikaliinua lile puto juu kadiri mkono ulivyofika.

"Epifania! Krismasi njema!"

Watoto wengine wakadaka. Watoto wa Omurushaka hawahitaji sababu ya kukimbiza gari. Tukalikimbilia lori lile, kundi zima, nguo mpya zinapepea, tukipiga kelele, "Krismasi njema! Krismasi njema!" Watu wazima kwenye varanda nao wakacheka na kupunga mikono.

Epifania hakupunga. Alikuwa ameshika ubao wa lori kwa mikono yote miwili na alikuwa ananitazama mimi, siyo puto. Konsolata aliinua mkono, akaufikisha nusu, kama mtu anayeitikia salamu kwa sababu salamu lazima iitikiwe. Anastazi niliuona mgongo wake tu. Lori likapata nafasi, likaongeza mwendo kuelekea Kayanga.

Nilirudi kwenye foleni nikapigwa picha yangu. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa naona wivu.

Nilipofika, jua lilikuwa linashuka na uani hapakuwa na mtu. Wageni walikuwa wameondoka wote. Chungu cha rubisi kilikuwa bado nusu, na mirija ilikuwa imesimama ndani yake. Koku alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, na ndiye aliyenieleza.

Walikuja wanaume wawili wageni. Lori waliliacha barabarani. Hawakuwa watu wa kijiji, hivyo hawakumjua Anastazi kwa sura. Konsolata alikuwa ameshamficha nyuma ya miti ya kahawa mara tu aliposikia injini. Wageni wakabisha hodi, na baba akawapokea kama mtu anavyowapokea wageni wa Krismasi. Kwetu mgeni wa siku ile haulizwi shida yake kabla hajanywa. Wakapewa viti, wakapewa mirija, wakanywa. Walikuwa na heshima, Koku alisema. Waliuliza hali ya mazao. Kisha yule mkubwa alinywa tena, akafumba macho, akatikisa kichwa na kusema, "Mzee, hii imekamuliwa na nani?"

Na baba, mbele ya majirani zake wote, kifua kimejaa, akageukia migomba akapaza sauti: "Anastazi! Njoo usifiwe!"

Akaja. Akatoka kwenye kahawa akijifuta mikono, anatabasamu. Mtu akiitwa namna ile, siku kama ile, ameitwa kwa jambo moja tu. Mgeni akampa mrija wake, akamwacha anywe mpaka atosheke. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya upole, kwao ni wapi.

Mpaka leo Koku na mama hawakubaliani kama yule mtu aliuliza kwa sababu ya utamu, au kwa sababu aliijua desturi yetu.

Hawakupewa muda wa kufunga mizigo. Sufuria ilibaki jikoni kwao na chakula ndani. Mama alijaribu kumpa Konsolata kanga, ikadondoka, na lori lilikuwa limeshaondoka. Wale wa kundi la kaka yake walikwenda pamoja, wamebeba vyao, wanajuana. Hawa walikwenda na watu wasiowafahamu, mikono mitupu, kwa sababu tulikuwa na ndizi shimoni.

Baba nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na mtumbwi wa kukamulia. Hakunitazama. "Sikumwita ili wamchukue," alisema. "Nilimwita asifiwe." Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akamjibu, "Najua."

Siku ya pili majirani walirudi wakaimaliza ile rubisi. Ilikuwa imekolea zaidi. Niliwasikia wakisema ni tamu.

Baba aliishi miaka mingi baada ya pale. Kila mfanyabiashara aliyekuwa anakwenda mipakani alimwagiza aulizie mtu mrefu anayejua kukamua, mwenye mke Konsolata. Wengine walirudi na majibu ya kumridhisha tu: wamemwona mtu kama huyo sokoni, ana afya. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza jina la mtoto wa mtu huyo. Hakuna aliyelijua. Alikufa hajui kama walifika, na mimi pia sijui.

Siku hizi ukienda Ihembe utaona migomba mingi imekufa kwa mnyauko, na pale yalipokuwa mashimo ya ndizi pameota nyasi. Vijana wananunua vinywaji vya chupa, wanapiga picha sahani kabla ya kula, chakula kinapoa wakitafuta mwanga. Bodaboda zimefungwa karatasi zinazometa kama zinakwenda kuolewa. Mpwa wangu yule wa senene aliniuliza, "Mjomba, pombe ya miguu mlikuwa mnainyweaje?" Nikacheka naye. Nilimwambia alichokosa: harufu ya shimo likifunguliwa, togwa kwenye jani, watu wa kilima kizima kuzunguka chungu kimoja. Ni kweli amekosa. Sherehe yao ni nyepesi, kila mtu na chupa yake, na hakuna anayejua jina la aliyeitengeneza. Sisi tulilijua. Tulilitaja kwa sauti kubwa.

Mama bado yupo. Kila Desemba napita Ihembe kumsalimia, nampelekea mchele na nyama, na kabla ya sikukuu nimeshaondoka. Mwaka jana alinisindikiza mpaka barabarani kwa mkongojo wake. "Kaa basi ule na mimi mara moja," akaniambia. "Watu wananiuliza mwanao kazi gani anafanya siku ya Krismasi." Nikamwambia, "Nina mzigo wa watu, mama, lazima ufike." Hakukuwa na mzigo wowote. Nilipanda bodaboda nikaenda mpaka Murongo.

Siku ya Krismasi niliingia kwenye mgahawa mmoja karibu na mto. Watu walikuwa wengi, familia na watoto wao, wanakula kwa kelele. Mama mwenye mgahawa, mtu mnene mwenye kicheko, alinikuta nimekaa peke yangu kwenye kona. Akaniwekea sahani, akajishika kiuno.

"Baba, kwenu wapi?"

Nilishusha kijiko kwanza. "Ihembe."

"Ihembe si hapo tu! Na hujaenda kula sikukuu na watu wako?"

"Ni hapo tu," nikamwambia.

Mama yule alinitazama. Akarudi jikoni, akaja na upawa wa nyama, akanimiminia sahanini bila kuuliza.